Bima Inayongoja Uugue

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kawaida, bila mto chini yangu. Mwanamke aliyepigwa mionzi ya nyonga ataelewa kwa nini naanza na kiti. Kwa miezi mingi sikuweza. Alhamdulillah, sasa naweza, na daktari aliponipima mara ya mwisho alisema haoni kitu. Nimeona basi niandike, kwa ajili ya wanawake walio kwenye mabenchi niliyokalia mimi, na kwa ajili ya wenye mabinti ambao hawajafika huko. Mtanisamehe kama mahali pengine nitasikika nina hasira. Nimejaribu kuiondoa, haikutoka, na baada ya kuifikiria sana nimeona si hasira ya haramu.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Marui, wilaya ya Kisarawe. Nimefundisha watoto kusoma Kurani tangu ujana wangu, na akina mama nawafundisha mambo ya twahara: hedhi, nifasi ya baada ya kuzaa, na ile damu inayotoka nje ya siku zake, tunayoiita istihadha. Kwa hiyo damu iliponirudia masika yale, miaka mingi baada ya hedhi kukoma, nilijua la kufanya. Nilijiosha, nikajifunga kitambaa, nikatawadha upya kwa kila sala. Hukumu hiyo ni sahihi na bado naifundisha. Lakini hukumu inamwonyesha mwanamke namna ya kusali akiwa na damu, haimwambii damu inatoka wapi. Siku hizi mama akija kuniuliza, namjibu la sala, kisha namwambia aende zahanati, na hatuachani mpaka aniambie anakwenda siku gani.

Kiangazi kilipoingia nilikuwa nimepungua mpaka pete ikawa inadondoka ndani ya unga. Mwanangu Shabani, anayefanya kazi kwenye bandari kavu ya Kwala, alikuja Ijumaa moja akanitazama, akaenda kutafuta gari. Nilipimwa, nikakatwa kinyama kidogo, tukaambiwa tungoje. Majibu yalipotoka daktari alimwambia Shabani kwanza, kama vile ugonjwa ulikuwa kwake. Nikamwomba anitazame mimi. Akaniambia: saratani ya mlango wa kizazi.

Shabani ana bima ya kazini, na kadi yake inatubeba mimi na binti yake Rukia. Mama yake Rukia aliolewa tena Rufiji, na mtoto nimemlea mimi tangu anatambaa. Nilipoambiwa kwamba nina bima nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe kila hatua ilitaka kibali chake. Dawa ya dripu, kibali. Mionzi ya mashine kubwa, kibali. Ile mionzi ya ndani, ambayo sitaieleza hapa kwa heshima ya wasomaji, kibali, na hicho kilichelewa nikiwa nimeshalala njaa kwa ajili ya shughuli, nikarudishwa nyumbani kwa mpwa wangu Gongo la Mboto na tumbo tupu. Hata hivyo mwisho walilipa. Nataka hilo likumbukwe: walilipa, na gharama zilikuwa kubwa mno. Shabani aliwahi kunisomea jumla, nikamwomba asinisomee tena.

Matibabu yalianza na vuli, wakati kwetu watu wanaokota korosho. Hospitali ya Dar es Salaam ina ukumbi wa kungojea ambako wanawake hukaa na chupa za maji mikononi, kwa sababu mashine inataka kibofu kijae. Fikiria mwanamke mtu mzima, aliyeshaanza kushindwa kuzuia mkojo, anaambiwa anywe na asiende msalani mpaka aitwe. Tulikaa tumebana magoti kama watoto wa darasa la kwanza. Jirani yangu wa benchi alikuwa Msukuma, mama mmoja wa jamii ya wafugaji waliohamia upande wa Kwala, aliitwa Mama Kabula. Aliposikia natoka Kisarawe aligeuka mzima mzima.

"Mzaramo? Basi nimekaa na mtani wangu. Nyie ngoma zenu zimewafikisha mpaka huku?"

Nikamwambia, "Sisi tumekuja kuwasindikiza nyie, msije mkaleta ng'ombe kwenye mashine."

Mhudumu alituomba tupunguze sauti, maana mwenzetu mmoja alikuwa amecheka mpaka maji aliyokuwa akiyazuia yakamshinda. Na huyo naye akazidi kucheka. Nahesabu siku ile katika neema za Mungu. Mama Kabula hakuwa na bima. Aliuza mifugo, mmoja baada ya mwingine, na siku moja hakuja, na iliyofuata hakuja. Sijui habari zake mpaka leo, na kila sala namtaja.

Ya mwili nitayasema kwa ufupi. Ngozi ya kiunoni ilibadilika rangi ikawa kama ya sufuria lililokaa jikoni. Tumbo liliendesha mpaka nikaogopa chakula. Nilisali nimekaa, halafu nimelala ubavu, nikiashiria rukuu kwa kichwa. Nilikuwa nimewafundisha wengine sala ya mgonjwa maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kwamba ni tamu kuliko zote. Kijana wa mashine, kila aliponipanga kitandani, alinifunika kwanza kwa khanga yangu mwenyewe kabla hajafunua pale pa lazima, na aligeuza uso. Hakuna aliyemlazimisha. Mungu amfunike yeye siku atakayohitaji kufunikwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Nilipokwenda kuanza matibabu, Rukia alikuwa ndani. Kwetu Wazaramo binti akivunja ungo huwekwa ndani, anaitwa mwali, hutunzwa na kufundwa na shangazi yake pamoja na kungwi, haonwi na watu wa nje, hasemi mbele ya wageni, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Zamani walikaa sana. Siku hizi tunawaweka kwa muda mfupi, na Rukia tulimngojea amalize mtihani wa darasa la saba ili asikose shule. Shangazi yake ni binti yangu mkubwa, Mwanahawa, na shughuli ile aliibeba kwa mikono miwili. Alikuwa amepanga kumtoa baada ya majuma machache. Alishanunua mbuzi, mchele, khanga za sare, na amekubaliana na wapiga ngoma.

Lakini mimi nikawa hospitali. Na kwetu mwali hatolewi huku bibi yake anaugua, kwa sababu furaha ile ni ya bibi kwanza. Mwanahawa akaahirisha. Watu wote walimsifu kwa adabu hiyo, na mimi mwenyewe niliposikia nilimwombea dua. Rukia akaendelea kukaa ndani, akinisubiri nipone.

Nilirudi Marui mvua za vuli zikiwa zinaishia. Nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka barazani, Mwanahawa ananipa uji na kunisimulia ya kijiji: nani kaoa, nani kauza korosho mapema, nani kagombana na nani. Katikati ya hayo akasema wauguzi walipita na chanjo ya mabinti, wakakaa ofisi ya kijiji siku mbili, na mmoja wao alifika mpaka hapa nyumbani akimtaka Rukia.

"Nikamwambia mwali hatoki wala haonwi, bibi yake akipona ndiyo tutamtoa. Akaniambia basi amchanje humo humo ndani. Nikamwambia kwa mila gani?" Alicheka kidogo. "Akaondoka."

Nikamuuliza chanjo ya nini.

"Sijui, ya wasichana. Walisema ya saratani ya..." Kijiko kilibaki mkononi mwake. Alinitazama, nikamtazama, na nikaona linavyomfikia.

Ugonjwa wangu ndio uliomweka mtoto ndani. Na kwa kukaa ndani amekosa kinga ya ugonjwa huohuo. Sikumlaumu Mwanahawa hata kwa neno moja. Alifanya alichofundishwa, na alikifanya kwa kunipenda. Kesho yake, ingawa nilikuwa bado natembea kwa kushika ukuta, tulimfunika Rukia khanga mpaka machoni tukaenda zahanati.

Muuguzi alikuwa yuleyule. Alitupokea vizuri, akasema dozi zimebaki, akafungua kisanduku chake cha barafu. Akatueleza kwamba chanjo ya bure ni ya wasichana wa miaka tisa mpaka kumi na nne. Kisha akauliza umri. Rukia alikuwa ametimiza kumi na tano majuma machache kabla sijarudi.

Mwanahawa akajibu upesi, "Kumi na nne."

Muuguzi akainua macho akanitazama mimi. Nadhani alijua. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidia. "Ana kumi na nne, siyo bibi? Ukisema ndiyo, naandika ndiyo."

Miaka yote nimewaambia watoto kwamba ushahidi wa uongo ni mzito, na sasa neno moja tu lingemkinga mjukuu wangu na kitanda kile cha mashine. Sijui ningesema nini. Sikupata nafasi ya kujua, kwa sababu Rukia, mwali, ambaye hakutakiwa kutoa sauti mbele ya mgeni, alisema kutoka ndani ya khanga:

"Nina kumi na tano. Bibi asiulizwe."

Muuguzi akafunga kisanduku taratibu. Akasema anasikitika, hawezi kuandika asichokisikia.

Njiani Mwanahawa hakujizuia. "Umemsomesha ukweli, mama, mpaka ukweli umemfukuza kwenye sindano. Haya, sasa tuwe wakweli na wagonjwa."

Nilimwonea fahari mtoto yule, na papo hapo nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika katika ugonjwa wangu wote. Wala si kwa muuguzi. Nilikasirika kwamba kuna mlango ambao binti mwongo anapita bure na binti mkweli anaambiwa akalipe. Nani aliyekaa mahali akaamua kwamba ugonjwa huu unaheshimu siku ya kuzaliwa?

Shabani akasema tusihangaike, tuna bima. Nikaenda naye Kibaha, kwenye ofisi yao iliyo karibu na stendi. Pana kiyoyozi, pana viti vya ngozi ya bandia vinavyomuunguza aliyetoka mionzini, na ukutani pana picha ya familia inacheka. Aliyetuhudumia alikuwa kijana mwenye adabu, aliniamkia, nikamwitikia. Shabani akaeleza. Kijana akaandika kwenye kompyuta, akasoma, akatikisa kichwa.

"Bibi, chanjo haimo. Hii bima ni ya matibabu. Chanjo ni kinga."

Nikamuuliza, "Huyu mtoto akija kuugua kama mimi, mtalipa?"

"Tutalipa, bibi. Hilo usiwe na wasiwasi kabisa."

Alisema vile kwa kunifariji. Kijana wa watu, alitabasamu. Nikamwambia: "Mwanangu, mimi mmenilipia kuchomwa. Nimechomwa mpaka ndani, nimekojoa damu, nimevaa nepi na uzee huu, na mmelipa kila siku bila kunung'unika sana. Sasa nakuomba ulipe kitu kidogo kuliko siku zangu mbili za mashine, ili huyu asipite nilikopita, unaniambia mngoje kwanza aoze?"

Akasema si yeye, ni kifurushi. Nikamwomba anionyeshe kifurushi, nizungumze nacho. Watu waliokaa nyuma yetu wakacheka, na Shabani akanishika kiwiko akaninong'oneza, "Mama, twende." Alikuwa na aibu. Ile ni ofisi inayofahamiana na kazini kwake.

Tuligombana ndani ya gari aliloazima. Aliniambia mshahara wake umeliwa na nauli na vyakula vya miezi yangu ya Dar es Salaam, kwamba tungoje apate nafuu, kwamba mtoto hataugua kesho. Yote yalikuwa kweli. Na hospitali binafsi ya Kibaha tuliyopita kuuliza ilitupa bei iliyomfanya ashike usukani kwa nguvu, tena wakasema kwa umri wa Rukia sindano moja kwao haitoshi. Kidato cha kwanza kilikuwa kinakaribia, na sare hazijanunuliwa. Nilijua neno "tungoje" maana yake nini katika nyumba zetu. Ndilo hilohilo lililoko kwenye kifurushi.

Aliyekata shauri ni Mwanahawa. Alikuja chumbani kwangu asubuhi nikiwa nimemaliza kusoma uradi, akakaa chini.

"Nimemrudisha mbuzi," alisema. "Wapiga ngoma nimewaambia wasije."

Nikamwambia asifanye hivyo, ni heshima yake, kijiji kizima kinangojea.

"Nimeikataa sindano kwa sababu ya ngoma. Basi ngoma ilipe." Akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Ila mwali wangu anatoka kimyakimya kama anatoroka nyumba ya kupanga. Hilo linaniuma, sikufichi."

Akina mama wa Marui walisema yao. Kungwi alihisi kudharauliwa na akakaa siku kadhaa bila kupita kwetu. Wengine walidhani mimi, kwa usomi wangu wa dini, nimeipiga marufuku ngoma, wakaacha hata kuniamkia. Niliwaacha waseme. Tulimtoa Rukia kwa dua na wali wa nazi, tukala sisi na majirani wawili waliokuja bila kualikwa. Kisha tukaenda Kibaha.

Sindano ya kwanza ilichukua muda mfupi kuliko wa kufungua kifungo. Rukia hata hakukunja uso. Nilikuwa nimekaa pembeni kwenye mto wangu, nikakumbuka ule ukumbi, zile chupa za maji, Mama Kabula, ngozi yangu, na nikaanza kulia mbele za watu. Dada wa pale akanishika bega akasema nimshukuru Mungu kwamba nimepata uwezo, wengi hawapati.

Nikamwambia Mungu namshukuru, na sijawahi kuacha. Amenirudisha nikiwa hai, amenipa mjukuu asiyesema uongo, amenipa binti aliyevunja shughuli yake kwa mkono wake. Shukrani hizo ni zake peke yake. Zisigawiwe kwa watu waliotukataa. Nimewahi kusikia hata misikitini mtu akiambiwa asubiri, ashukuru, kila linapokuja jambo ambalo wanadamu wangeweza kulirekebisha Jumatatu asubuhi ofisini. Subira niliyosomeshwa ni kutomkasirikia Mungu. Hakuna aliyenisomesha kunyamaza mbele ya karani.

Kwa hiyo wenzangu, nawaambieni. Msitishwe na mionzi, inachosha lakini inapita. Mchukue khanga yenu wenyewe. Mcheke benchini mkipata wa kucheka naye. Na mwenye binti wa miaka tisa, amtoe leo, akiwa mwali, akiwa madrasani, akiwa shambani Kurui anafukuza ndege, amtoe nje apate sindano ya bure maadamu ipo, kwa kuwa wakishamhesabia siku moja zaidi mtakutana na kifurushi. Kungwi wetu tumepatana. Siku hizi, kabla hajampokea binti, anamuuliza mama yake kama ameshachanjwa, na kama bado anamrudisha, kwa ukali kabisa, kana kwamba ni mila ya mababu.

Rukia sasa yuko kidato cha kwanza, na sindano zake amemaliza. Mimi huenda Kibaha kila ninapotakiwa kupimwa, na nikitoka hospitali napita ile ofisi. Nilipeleka risiti ya sindano nikijua itakataliwa, ikakataliwa. Safari iliyofuata sikuwa na risiti, nilikuwa na swali tu, kama chanjo imeshaingia kwenye kifurushi. Sasa kijana ananijua. Akiniona mlangoni huinuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Imeingia?"

"Bado, bibi."

Mara ya mwisho alinitolea kiti chake mwenyewe, chenye mto. Ofisi haikuwa na watu wengi. Akainama kidogo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana binti wa miaka kumi, na kwamba kwa maneno yangu alimpeleka akachanjwa.

Nikamwombea heri yeye na mwanawe. Nikamuuliza, "Bure?"

"Bure, bibi."

"Na angekuwa na kumi na tano?"

Alitazama kompyuta yake, ingawa hakuna alichokuwa akiandika. Nikamwambia sina haraka, nitalingoja jibu, nikakaa vizuri kwenye kiti chake.